Picha Mbili za Jicho Langu la Kushoto

Nilikwenda kutafuta miwani tu. Uzi ulikuwa umeanza kunikataa. Nauloweka ncha kwa mate, nausokota, nauelekeza kwenye tundu la sindano, unapita pembeni kama vile unanitania. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea hapa Majengo, Moshi mjini, na mwaka ule nilikuwa na sare za kwaya mbili zinazotakiwa kabla ya Pasaka. Wateja wa rika langu walinicheka. "Umri huo, Mama Neema," waliniambia. "Kachukue miwani urudi kazini."

Niliingia kliniki ya macho asubuhi moja, masika bado hayajaanza, nikiwa na uhakika kwamba mchana nitakuwa nimerudi kwenye cherehani.

Nasimulia haya kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye benchi la kliniki kama ile, ameshika karatasi yenye maneno asiyoyaelewa, na hakuna aliyemwambia itakuwaje. Mimi si daktari. Mambo ya ndani ya ugonjwa huu waulize madaktari wenyewe. Nitasema yaliyonipata mimi, na yaliyowapata watu wa kwetu kwa sababu yangu.

Mpimaji alinisomesha herufi ukutani, akanijaribishia vioo, na kimoja kikanirudishia sindano yangu pale pale. Nikafurahi, nikaanza kufunga mkoba. Akasema, "Bado, mama." Akanipima presha ya macho, kisha akanimulika kila jicho kwa taa ndogo. Kwenye jicho la kushoto alikawia.

"Subiri kidogo pale nje," alisema. "Nataka daktari akuone."

Walinitia matone ya kupanua mboni. Ulimwengu ukawa mweupe, nyuso za watu zikayeyuka, nikakaa kwenye benchi nimeshika ukuta kama mlevi. Baadaye nikaingizwa kwenye kamera. Unaweka kidevu mahali pake, paji la uso mahali pake, mwanga unakupiga, basi. Daktari, mama mwenye sauti ya chini, alinigeuzia kioo cha kompyuta nione.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujiona kwa ndani. Duara la rangi ya chungwa, mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya mgomba uliong'olewa, na mahali mizizi inapokutana kuna kisahani cha rangi hafifu. Katikati ya kisahani kuna kishimo cheupe.

"Hapa ndipo neva ya jicho inapoanzia, ile inayopeleka kila unachokiona kwenye ubongo," alisema daktari. "Kila mtu ana kishimo hicho. Chako ni kikubwa. Sijajua kama ulizaliwa nacho hivi au kinapanuka."

"Picha haisemi?"

"Picha inasema kilivyo leo. Haisemi jana kilikuwaje." Akaandika kitu kwenye faili. "Presha imepanda, ila si ya kutisha. Kwenu kuna mtu mwenye shida ya macho?"

"Kaka yangu haoni."

"Alipatwa na nini?"

Nilijifuta matone shavuni. Kisha nikasema, "Ni habari ndefu, daktari."

Habari yenyewe ni hii. Kwetu ni Kibosho. Baba alioa mara mbili, lakini si kwa pamoja. Mke wa kwanza alifariki akamwachia mtoto mmoja, Aloyce. Aloyce akiwa bado mdogo, Baba akamwoa mama yangu kanisani, na baada ya miaka mingi nikazaliwa mimi peke yangu. Wakati mimi nanyonya, Aloyce tayari alikuwa kijana wa kubeba mkungu wa ndizi begani. Alinifundisha kuvuka mfereji bila kulowa. Alimwita mama yangu Mama, bila kuongeza neno lingine.

Baba alipofariki, Aloyce alibaki kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, pamoja na mkewe na mama yangu. Haikupita muda mrefu macho yake yakaanza kuharibika. Alikuwa anagonga migomba kwa bega. Ukimpa kikombe anashika hewa. Alizunguka kutafuta dawa, na mtaalamu mmoja wa kienyeji akamwambia kwamba nuru yake imechukuliwa na mwanamke aliyeingia nyumbani baada ya mama yake. Hakutaja jina. Halikuhitajika.

Aloyce hakupiga kelele. Asubuhi moja alimwambia mama yangu kwamba hawezi tena kula chakula kilichotoka mikononi mwake. Watu wa ukoo wakaitwa, maneno yakasemwa kwa upole sana, na mama akafunga nguo zake akashuka kwa dada yake Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga. Mwanamke wa ukungu na kahawa akaenda kujifunza tope na mbu akiwa mtu mzima. Mimi nilikuwa nimeshaolewa mjini. Kila Krismasi nilipanda Kibosho kumsalimu kaka, nikala kidogo, nikaondoka. Jina la mama halikutajwa.

Haya yote sikumwambia daktari siku ile.

Alinipangia kipimo cha pili, skani, nikarudi wakati wa baridi, wingu limelala juu ya mji, watu kliniki wamejifunika makoti na mashuka. Mashine ya skani ni mpole kuliko kamera. Hakuna mwanga wa kukupiga. "Angalia msalaba wa kijani, usipepese," alisema mpimaji, na kabla sijachoka ikawa imekwisha. Ikatoka karatasi yenye maduara mawili yaliyopakwa rangi. La kulia lote kijani. La kushoto kijani pia, isipokuwa kipande cha njano upande wa chini.

"Hii haipigi picha ya sura," daktari alinieleza. "Inapima unene wa nyuzi za neva."

Nyuzi nilizielewa. Nikasogea.

"Kijani maana yake unene wako unafanana na wa watu wengi. Njano maana yake tuna mashaka."

"Watu wengi wa wapi?"

Alitabasamu. "Umeuliza vizuri. Waliopimwa na waliotengeneza mashine. Labda wa huku kwetu hawakuwa wengi. Ndiyo maana sitaki kukulinganisha na hao tu. Nataka kukulinganisha wewe na wewe mwenyewe. Rudi kabla ya Krismasi."

Kulikuwa na kipimo kingine cha kuangalia taa ndogo ndani ya bakuli jeupe, unabonyeza kitufe kila unapoona taa. Nilikaribia kusinzia. Majibu yalikuwa safi.

Nyumbani, mume wangu alizitandaza zile karatasi mezani. Baba Neema ni fundi umeme, amezoea kitu kinachowaka au kisichowaka.

"Hii picha inasema nini?"

"Inasema labda."

"Na hii ya rangi?"

"Labda."

"Sasa mke wangu, wewe ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Sijui."

"Mashine mbili, daktari mmoja, na hakuna anayejua!" Alisimama, akakaa tena. Alitaka twende Arusha kwa daktari mwingine. Shemeji yake mmoja alikuwa na dawa ya majani ya kudondosha machoni, akaileta kwenye chupa ya soda. Nilipoimwaga kwenye sinki tukagombana, na kwa siku kadhaa tuliongea mambo ya chakula na funguo tu. Sasa naelewa alikuwa anaogopa. Wakati ule niliona ananiongezea mzigo.

Niseme ukweli, miezi ile ya kusubiri ilikuwa mibaya kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikuwa naziba jicho moja nikiwa kazini, naangalia safu ya vifungo, naziba lingine. Kichwa kikiuma kwa jua, nasema ndiyo hiyo. Mteja akinisemesha kutoka kushoto nikashtuka, nasema ndiyo hiyo. Kama uko kwenye miezi hiyo, sina dawa ya kukupa. Mimi nilishona. Nilishona hata nguo ambazo hazikuwa na mwenyewe.

Vuli ilipoisha nilirudi. Daktari aliweka picha mbili za jicho la kushoto kwenye kioo, ya zamani na mpya, bega kwa bega. Zilifanana kama sahani mbili za seti moja.

"Naona ziko sawa," nilisema.

"Na mimi naona ziko sawa."

Roho ikatulia. Kisha akafungua skani mbili. Pale palipokuwa na njano palikuwa pekundu, na mstari wa unene wa nyuzi, uliokuwa umepanda kama kilima, ulikuwa umebonyea. Alinirudisha kwenye mashine, akasema mtu akipepesa au akikaa vibaya skani inaweza kudanganya. Tukarudia. Nyekundu ikabaki pale pale.

"Kamera bado haijaona," alisema. "Skani imeona. Tutaanza dawa leo."

"Mbona mimi mwenyewe sioni tofauti yoyote?"

"Ungesubiri mpaka uione wewe, tungekuwa tumechelewa." Aliuita ugonjwa kwa jina lake la kitabibu, glakoma, halafu kwa jina la watu, presha ya macho. "Ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya ukoo. Yule kaka yako, mna baba mmoja?"

"Baba mmoja."

"Na baba alikuwa anaona?"

Nikamkumbuka Baba miaka yake ya mwisho, tukimshika mkono kwenda misa ya kwanza, akikanyaga pembeni ya ngazi. Sisi tulisema ni uzee.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi, na si jicho langu nililolifikiria. Nilimfikiria mama, kule kwenye tope.

Dawa ilikuwa ya kudondosha kila jioni. Baba Neema alichukua kazi hiyo bila kuombwa, na ndivyo tulivyopatana. Vidole vyake vimezoea koleo na nyaya, tone la kwanza likaangukia shavuni, la pili sikioni. "Tulia basi!" ananiambia, na anayetetemeka ni yeye. Baada ya muda akawa hodari. Macho yaliwasha, yakawa mekundu, ladha chungu ikashuka kooni. Halafu kope zikaanza kurefuka, nyeusi tii, zimejikunja. Wateja wakaniuliza nimezibandikia saluni gani. Niliwaambia ni siri ya ndoa.

Krismasi ikaja, nikapanda Kibosho. Aloyce alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, wifi yangu Filomena anachoma ndizi karibu yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Resti. Sauti yako imechoka."

"Nimetoka hospitali majuzi. Macho."

Nikamweleza kila kitu, picha, skani, dawa, na kwamba daktari anataka kumwona. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatikisa.

"Ugonjwa wa hospitali una dawa. Wangu si wa hospitali. Niliwahi kwenda mara moja, wakaniambia nirudi. Sikuona sababu."

"Kaka, daktari anasema ugonjwa huu unatoka kwa Baba. Mimi ninao."

"Unao nini?"

"Huo huo. Kushoto umeshaanza kula."

Filomena aliacha kugeuza ndizi. Aloyce aliinua uso kuelekea kwangu, na akaniuliza kwa huruma kabisa, "Nani amekufanyia?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilisema kilichokuja. "Unadhani mama yangu angenifanyia mimi?"

Ndizi zikaanza kunuka kuungua, na hakuna aliyezigusa. Mwishowe Aloyce alinyoosha mkono akatafuta uso wangu, akanipapasa nyusi kwa kidole gumba, kama alivyokuwa anafanya nilipokuwa mdogo nimeanguka.

"Nenda, Resti," alisema. "Barabara ina utelezi."

Nilishuka nikijua nimeshindwa. Kwaresima ikapita, masika yakaanza, na siku moja mvua inapiga bati, simu ikaita. Alikuwa Filomena. "Wifi, kaka yako anauliza hiyo kliniki inafunguliwa saa ngapi."

Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Kwenye skani, mpimaji akamwambia, "Mzee, angalia msalaba wa kijani."

"Msalaba uko wapi?"

Jicho la kulia halikuuona kabisa. Kwa la kushoto mpimaji alimsogeza kidogo, akamsogeza tena, mimi nimesimama nyuma. Kisha Aloyce akasema polepole, "Nauona. Ni mdogo. Usiuondoe."

Karatasi ilitoka nyekundu pande zote. Daktari alituketisha wote wawili.

"Kwa mzee, skani imefika mwisho wake," alisema. "Nyuzi zimekuwa nyembamba mpaka mashine haiwezi tena kuona zikipungua. Hata akipoteza zaidi mwakani, itaniambia hivi hivi. Kwake nitategemea picha, na kile kipimo cha taa."

Niliona jambo la ajabu. Mashine iliyoniokoa mimi haikuwa na la kumwambia kaka yangu. Na kamera, iliyokaa kimya juu yangu mwaka mzima, kwake ilisema mara moja. Nilifikiri zamani kwamba kipimo kipya kinafuta cha zamani. Daktari alikuwa anavihitaji vyote, kimoja kwa mtu anayeanza, kingine kwa mtu aliyefika mbali.

Alifungua picha mbili kwenye kioo. Ya Aloyce na ya kwangu, kushoto kwa kushoto.

"Kuna nini hapo?" aliuliza kaka.

"Picha. Ya jicho lako na ya jicho langu."

"Nielezee."

Nilimwangalia daktari, akaitikia kwa kichwa. Nikasogeza kiti.

"Kuna duara la rangi ya chungwa. Mishipa inatoka katikati, kama mizizi. Katikati kuna kisahani. Chako ni cheupe karibu chote, kaka. Mishipa ikifika ukingoni inazama."

"Na chako?"

"Changu kina weupe katikati, lakini kuzunguka bado kuna rangi. Skani ndiyo inasema hapa chini pameanza kuliwa."

"Kwa hiyo chako kinaelekea kwenye changu."

"Kingeelekea. Ndiyo maana naweka dawa."

"Na cha Baba?"

"Baba hakupigwa picha."

Alivua kofia akaiweka magotini. "Daktari," alisema, "mtu anaweza kumtupia mwenzake kitu kama hiki?"

Daktari hakuharakisha. "Mimi nimesomea macho tu, mzee. Ninachokiona hapa ni ugonjwa mmoja, kwa watoto wa baba mmoja. Mama zao ni wawili tofauti."

"Mama zao wawili tofauti," alirudia Aloyce.

Tulipotoka nje aliniuliza, "Bado yuko Chekereni?"

"Yuko."

Hakusema zaidi mpaka mpunga ulipoiva. Ndipo akanipigia mwenyewe. Alikuwa ametembea kwa fimbo mpaka mpakani mwa kihamba, akakata jani la sale kwa mkono wake. Kwetu mtu akikuletea sale kuomba msamaha, huwezi kumrudisha. Alilibeba ndani ya koti mpaka mjini, na kutoka mjini tukashuka wote Chekereni, joto linapanda, jani likisinyaa.

Mama alikuwa anatandaza mpunga kwenye turubai. Alituona tangu mbali na hakuacha kazi. Tulipofika, Aloyce akasimama wima.

"Shikamoo, Mama."

Mama aliendelea kusawazisha mpunga kwa mguu. Kuku mmoja akaingia turubaini, hakumfukuza. Sijawahi kuona shikamoo ikining'inia muda mrefu hivyo.

"Marahaba, Aloyce."

Kaka akatoa jani akalinyoosha, lakini alilinyoosha pembeni, mahali ambapo mama hakuwapo. Nilitaka kumgeuza mkono nikajizuia. Mama aliliangalia lile jani lililonyauka. Kisha akapiga hatua, akasogea yeye mpaka lilipo, akalipokea.

"Umeniletea sale ili nisiweze kukataa."

"Ndiyo, Mama."

"Ungekuja mikono mitupu ningepata nafasi ya kufikiri."

"Niliogopa ungefikiri."

Mama akaguna, karibu acheke, halafu macho yake yakajaa. "Nilikuwa nakutoa funza miguuni, Aloyce. Ulikuwa unalala mapajani kwangu wakati nakutoa. Ulisahauje?"

"Sijui, Mama. Nilikuwa gizani, nikashika mkono wa kwanza ulionishika."

"Sawa." Alijifuta kwa kanga. "Nataka kitu kimoja. Nataka kwenda kwenye kaburi la mume wangu. Mchana. Watu wananiona."

"Utakwenda."

Alikwenda wakati wa kuchuma kahawa. Alikataa kupandishwa mpaka mlangoni. Alishukia barabara kubwa, akapanda kwa miguu katikati ya vihamba vya watu, anasalimia kila nyumba kwa jina la mwenyewe, hana haraka. Filomena alipika mtori. Aloyce aliomba apakuliwe na mama, akala mbele ya wajumbe wa ukoo walewale. Mama hakulala huko. "Mpunga wangu uko juani," alisema, akarudi Chekereni, na mpaka leo anaishi huko kwa hiari yake. Shangazi mmoja bado hagusi chakula chake. Sikuahidi kwamba kila mtu ataelewa picha.

Aloyce alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto mwaka ule ule. Daktari alimwambia wazi kwamba haumrudishii kilichokwenda, na kwamba kwa jicho lililobakiza kidogo hivyo, hata upasuaji wenyewe una hatari. Aloyce alisema, "Hicho kidogo ndicho changu. Kishike." Kimeshikwa. Ukisimama mbele yake sawasawa anauona uso wako, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

Zamu yangu ilikuja baridi iliyofuata. Skani ilionyesha mstari umebonyea tena licha ya dawa, nami nikapasuliwa jicho la kushoto. Maumivu yalikuwa madogo. Kilichonisumbua ni kukatazwa. Usiiname, usinyanyue ndoo, usisugue, usilalie upande huo. Jicho lilikuwa jekundu na kila kitu kilikuwa kwenye ukungu, na chini ya kope la juu kulikuwa na kivimbe kidogo ambacho ndicho njia mpya ya maji ya ndani ya jicho kutoka. Kwa wiki kadhaa niliamini wameniharibu. Kama umepasuliwa na uko kwenye wiki hizo, ukungu huo unaondoka taratibu sana, mpaka siku unagundua kwamba umeshasoma maandishi kwenye mfuko wa sukari bila kujua unasoma.

Mama alipanda kuja kuniuguza, na mchele wake. Baba Neema alininunulia kiti kirefu, akawa ananiosha nywele nimekaa wima kichwa nyuma, maji yanamwagika mgongoni, ananiomba radhi kwa kila kopo. Aloyce alipiga simu kila jioni na swali moja. "Umeona nini leo?"

Mwanzoni nilisema, nimeona dirisha. Siku nyingine, nimeona dirisha na pazia. Siku moja nikamwambia, nimeona Kibo, theluji iko upande mmoja tu.

"Upande gani?" aliuliza, nikamwelekeza, naye akaanza kuuchora kichwani mwake.

Sasa nimerudi kazini. Kushoto, kwa juu, kuna sehemu ambayo siioni tena, na nikikata kitambaa kipana nageuza kichwa kuifuata mikasi. Skani zangu za karibuni zimelingana, mstari haujashuka. Daktari ananionyesha, nami siku hizi najua mahali pa kuangalia. Binti yangu Neema na watoto wa Aloyce wamepigwa picha na skani wote, si kwa sababu wanaumwa, bali ili siku moja walinganishwe na nafsi zao.

Juzi nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu. Kando yangu alikaa dada mmoja aliyetoka Bomang'ombe, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Alinitazama mara kadhaa kabla ya kusema.

"Dada, samahani. Hiyo mashine ya ndani inauma?"

"Haiumi. Utaangalia msalaba wa kijani. Pepesa kabisa kabla hajaanza, halafu utulie."

"Picha nimepigwa tayari. Wanasema hawana uhakika."

"Na mimi waliniambia hivyo."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi. Nikarudi tena. Una kaka? Una dada?"

"Ninao watano."

"Waambie."

Alifungua mdomo aniulize lingine, lakini mlango ukafunguka na jina lake likaitwa. Alisimama, akajikagua nguo, akaangalia mkoba wake hajui auweke wapi. Nilinyoosha mkono. Akaniachia mkoba, akaingia.